Upande wa Pili wa Kaseti

Mwalimu Hudson Mwadime alisomea digrii yake akiwa amekalia marobota ya vitambaa, wala hakuona haya kuitangaza habari hiyo. Alimwambia kila aliyetaka kusikia, na wengi wasiotaka. Huko Ronge, alikokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, hata watoto wa darasa la pili walijua kwamba kila Jumamosi mwalimu wao anakwenda Voi kusoma chuo kikuu.

"Wenzangu wanapanda basi kukifuata chuo kikuu Nairobi," alikuwa akisema. "Mimi chuo kikuu kinapanda basi kunifuata."

Na hakusema uongo. Chuo kimoja cha Nairobi kilikuwa kimeanzisha masomo ya digrii kwa walimu waliokuwa kazini. Kila muhula basi lilishusha Voi sanduku la vitabu vyembamba na kaseti kumi na mbili, na ndani ya kila kaseti mlikuwa na mhadhiri akifundisha kana kwamba wanafunzi wamekaa mbele yake. Wanafunzi wa Voi walikuwa wanne, kaseti zikaja seti moja, na redio ya maana ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya Mzee Mwinyihaji, muuza vitambaa wa karibu na soko, ambaye binti yake Nasima, mwalimu wa hapo mjini, alikuwa mmoja wa hao wanne. Basi chuo kikuu kikawa stoo ya nyuma ya duka la Mzee Mwinyihaji, Jumamosi kuanzia saa nane mchana, katikati ya marobota ya kanga na harufu ya udi.

Mwaka huo wa 1994 Hudson alikuwa na miaka hamsini na tatu. Serikali ingemstaafisha akifika hamsini na tano. Ukihesabu vizuri, utaona alikuwa na nafasi ya kumaliza digrii mwaka ule ule wa kustaafu, na nafasi ya kushindwa hakuwa nayo. Kwa miaka thelathini alikuwa amewafundisha watoto kushika kalamu, akawaona wakirudi na digrii zao wakimwita "mwalimu wetu wa zamani", kana kwamba yeye ni jengo la wakoloni. Alitaka aondoke kazini akiwa na digrii. Kanisani kwao Ronge mchungaji alikuwa ameshaiombea digrii hiyo mara mbili, mbele ya watu wote, na maombi ya namna hiyo hayarudishwi.

Namna yao ya kusoma waliletewa na Mwanzia, mwalimu wa Maungu, mtu mcheshi mwenye mikono ya mkulima.

"Sisi Wakamba tuko na mwethya," aliwaambia siku ya kwanza. "Leo tunalima kwangu, wiki ijayo kwako. Na mwenye shamba ndiye husema mistari itaenda wapi. Wewe ukikuja na jembe lako, unalima tu. Hizi asaimenti ziko nne kwa mwaka, na sisi tuko wanne. Kila mtu awe na shamba lake."

Hakuna aliyeuliza maana. Vilimani kwao kina Hudson watu walilimiana vivyo hivyo, na mtu kwenda shambani kwa mwenzake kisha amfundishe kuchora matuta yake ni utovu wa adabu usio na dawa. Kwa hiyo kila zoezi likawa na mwenyewe. Mwenye zoezi alisoma kwanza, akaamua jibu, na wenzake wakalima naye mpaka mwisho. Walikuwa wakipata alama nzuri, na Hudson alizitaja alama hizo mpaka kwenye mazishi.

Wa nne wao alikuwa Mable Wawuda, mwalimu wa huko Kasigau. Huyu ndiye aliyekuwa akikosekana. Barabara ya Kasigau kwenda Maungu ilikuwa ya kubahatisha, lori lilipita likitaka, na wakati wa mahindi Mable alikesha na majirani zake wakipiga madebe kufukuza ndovu. Alifika Voi labda mara moja kwa mwezi, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaketi kwenye robota la mwisho, akasikiliza na kusema machache. Hudson alimhurumia. Na huruma ya Hudson, kama mnavyoijua huruma ya watu wenye majibu mengi, ilikuwa na dharau kidogo ndani yake.

Mzee Mwinyihaji ndiye aliyepata njia ya kumfikia. Alitoa kaseti yake kuukuu ya taarabu. Kaseti za dukani huvunjwa vile vijino viwili vya juu ili mtu asiweze kurekodi juu yake, lakini Mzee alikata selotepu, akaziba yale matundu, na kaseti ikakubali.

"Hebu mtilieni humu maneno yenu, mumpelekee mwenzenu," alisema. "Elimu haimngoji mwenye gari peke yake."

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi Hudson alirekodi muhtasari wa somo kwenye upande A. Mwanzia aliichukua kaseti mpaka Maungu, akampa dereva wa lori. Mable aliisikiliza kwa redio ya shule, akajibu kwenye upande B, na kaseti ikarudi Voi kwa njia ile ile. Hudson, aliyekuwa akifika kabla ya wenzake, ndiye aliyepewa kazi ya kuusikiliza upande B na kuwaeleza wenzake. Chuo kilichokuwa stoo sasa kilikuwa na tawi Kasigau, na wote wanne walivimba vichwa, tena kwa haki.

Lakini Mable alikuwa mzito wa maneno. Aliwasalimu wote mmoja mmoja, akaulizia watoto, jogoo akawika, ndipo akaanza kuuliza habari ya somo la wiki mbili nyuma. Hudson alivumilia muhula wa kwanza, akavumilia na wa pili. Muhula wa tatu mihtasari yake mwenyewe ilikuwa imerefuka, maana hakuwa mtu wa kufupisha, ikaujaza upande A na kumwagikia upande B. Kaseti ikirudi, alisikiliza salamu, akabonyeza kile kitufe chekundu, akarekodi juu yake.

"Mable anasema nini?" Nasima alimwuliza siku moja.

"Salamu tu," alijibu Hudson. "Anawasalimu sana."

Zoezi la nne lilikuwa la takwimu, na lilikuwa shamba la Hudson. Chuo kiliwataka wakusanye hesabu za kweli kutoka katika jamii yao, kisha waseme familia ya kawaida ikoje. Mable alizunguka nyumba kumi na moja za jirani zake Kasigau, akaandika kila nyumba ilivuna magunia mangapi ya mahindi, akaipeleka orodha Voi kwa lori. Hudson aliyajumlisha yote akapata sitini na sita, akagawanya kwa kumi na moja, akapata sita. Familia ya kawaida, aliandika, ilivuna magunia sita. Akairekodi kazi yote kwenye kaseti kwa sauti ya kupendeza, na wenzake watatu wakaandika sita.

Barua ilikuja baada ya miezi mitatu. Ilisema kazi za wanafunzi wanne wa Voi zimezuiliwa kwa kushukiwa kunakili, na kwamba mhadhiri angefika Jumamosi fulani kuwahoji.

Hudson aliisoma barua hiyo mara tatu akiwa amesimama. Usiku huo hakula. Hakumwambia mchungaji.

Siku yenyewe wote wanne walikuwa stoo tangu asubuhi, Mable akiwa amesafiri tangu jana yake. Mhadhiri, Daktari Gertrude Nafula, aliingia na mkoba wa ngozi, mwanamke mfupi wa miwani mizito, akalitazama darasa lao: marobota, redio, kanga zilizoning'inia. Nasima alimpa kiti pekee kilichokuwapo. Mzee Mwinyihaji aliacha mlango wa dukani wazi kidogo, akajifanya anakunja vitambaa.

"Nimefundisha miaka kumi na minane," Daktari alianza, akizitoa karatasi zao nne. "Watu wanne wakipata jibu moja sahihi, nitasema wamesoma kitabu kimoja. Lakini hapa kuna kosa moja, limeandikwa mara nne kwa maneno yale yale. Hapo mmoja amefikiri na watatu wamenakili."

Mwanzia alijipa moyo. "Madam, hatukunakili. Sisi tunasoma kama mwethya." Akamweleza yote, zamu, jembe na mistari ya mwenye shamba.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakukunja uso.

"Vizuri," alisema. "Kama kweli mmelima pamoja, basi yeyote kati yenu analijua shamba zima. Nitamwuliza mmoja tu. Akijua, wote mnaendelea. Asipojua, wote wanne mmetoka. Nani amehudhuria mara chache kuliko wenzake?"

Hakuna aliyemtaja. Hakukuwa na haja, maana daftari la mahudhurio lilikuwa juu ya redio, na Hudson mwenyewe ndiye aliyekuwa akiliandika kwa mwandiko mzuri.

"Mable Wawuda," Daktari alisoma.

Hudson alisimama kabla hajajua amesimama. "Daktari, niulize mimi. Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Keti, Mwalimu. Wewe nakuona una majibu tayari."

Hudson akaketi. Aliona miaka yake thelathini imewekwa mdomoni mwa mwanamke anayeulizia watoto wa watu kwa dakika kumi kabla ya kusema jambo.

Mable alisogea mbele. Alisalimu kwanza, na Hudson akafumba macho. Daktari alimwuliza habari ya malezi na ukuaji wa mtoto, somo la kaseti ya pili. Mable alijibu polepole, lakini alijibu. Akaulizwa habari ya historia ya elimu, akajibu. Akaulizwa namna ya kupima mtihani kama ni wa haki, akajibu tena, akaongeza mfano wa darasa lake mwenyewe.

"Haya umeyapata wapi, na kaseti zenyewe hujazisikia?"

"Kwa Mwalimu Hudson," alisema Mable. "Ananirekodia. Nasikiliza mara tatu. Ya kwanza peke yangu, ya pili na walimu wenzangu wa shule, ya tatu na wazazi wanaokuja kuchota maji kwa tangi la shule. Wao ndio wanauliza maswali magumu."

Hudson alifumbua macho. Kifua kilimjaa, si haba. Sauti yake ilikuwa imesikilizwa na kijiji kizima, na yeye hana habari.

"Sasa takwimu," alisema Daktari. "Familia ya kawaida kwenu ilivuna magunia mangapi?"

"Matatu," alisema Mable.

Nasima aliziba mdomo. Mwanzia aligeuka akamtazama Hudson. Karatasi zote nne zilikuwa zimeandikwa sita! Ametuua, Hudson aliwaza. Ametuzika wote.

"Matatu?" Daktari aliuliza, na sauti yake haikuonyesha kitu.

Mable aligeukia mlango. "Mzee Mwinyihaji, shikamoo. Naomba lile kopo la vifungo."

"Marahaba, mwanangu." Kopo lilifika upesi kuliko mtu anayekunja vitambaa anavyoweza kulileta.

Mable alipiga magoti, akapanga vifungo sakafuni kwa mafungu, fungu moja kwa kila nyumba. Kimoja, kimoja. Viwili, mara tatu. Vitatu, mara tatu. Vinne, mara mbili. La kumi na moja alilimimina kwa kiganja, akahesabu mpaka arobaini na moja.

"Ukijumlisha na kugawanya, wastani ni sita. Sikatai, hesabu ni hiyo. Lakini Daktari, nionyeshe hapa nyumba iliyovuna sita."

Daktari aliinama kutazama. Wote waliinama. Haikuwepo.

"Huyu wa arobaini na moja ako na ua wa waya na walinzi, ndovu hawamwingilii. Sisi wengine ni madebe na kukesha. Mwaka jana kulikuja watu wa chakula cha msaada, wakahesabu hivyo hivyo. Wakaandika Kasigau kila nyumba iko na magunia sita, wakapeleka mahindi kwingine." Alinyoosha mstari wa mafungu. "Huo wastani tumeula, Daktari. Tunaijua ladha yake. Kama unamtaka mtu wa kawaida, wapange kwa mstari, wa chini mpaka wa juu, halafu umtazame yule amesimama katikati." Akaweka kidole kwenye fungu la sita. "Matatu."

Mwalimu Hudson alilitazama lile fungu la vifungo vitatu. Lilikuwa wazi kama mchana. Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye methali hiyo alikuwa amewafundisha watoto wa watu miaka thelathini bila kuielewa.

"Hilo ndilo kosa nililoliona mara nne," alisema Daktari, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Basi kama ulijua, mbona uliandika sita?"

Mable alitazama sakafu. "Shamba lilikuwa la Mwalimu Hudson. Mtu halimi mistari yake kwa shamba la mwenziwe."

"Hukumwambia?"

Mable alianza kuvirudisha vifungo koponi. "Nilisema kidogo," alisema, na zaidi ya hapo hakusema.

Ndipo Hudson alipokumbuka. Wiki ile ya zoezi la takwimu kaseti ilirudi kama kawaida. Alisikia, "Walimu wenzangu, hamjambo," akasikia jogoo, akasikia, "Mwalimu Hudson, mama watoto anaendeleaje," na kidole chake kikaenda kwenye kitufe chekundu. Maneno yote aliyokuwa ameyasema sasa hivi juu ya vifungo, Mable alikuwa ameyasema kwanza kwenye ule upande B.

Daktari alizikusanya karatasi. "Nimeridhika. Huyu anajua, na amefundishwa na wenzake. Mnaendelea wote."

Mwanzia alijipiga kofi gotini. Nasima alikuwa analia. Mambo yalikuwa yamekwisha, na yamekwisha vizuri. Hakuna aliyejua, ila Mable labda alikisia, na Mable si mtu wa kusema. Digrii ilikuwa palepale na kustaafu palepale, na mchungaji asingejua lolote. Hudson alikuwa na kazi moja tu, kunyamaza, na ndiyo kazi ambayo hakuwahi kuiweza maisha yake yote. Safari hii nashukuru hakuiweza.

"Daktari," alisema, "aliniambia."

Daktari alizirudisha karatasi chini.

"Aliniambia kwa kaseti. Upande B. Mimi sikusikiliza. Nilirekodi maneno yangu juu ya maneno yake, na si mara moja. Niliwaambia wenzangu ni salamu tu. Hawa watatu walinifuata kwa adabu. Kosa ni langu peke yangu."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha kuuzwa.

"Hawa watatu watarudia zoezi, kila mmoja kwa hesabu za kijiji chake, na kwa mkono wake. Wewe, Mwalimu, zoezi hili nakupa sufuri. Utalirudia somo zima mwakani. Utamaliza mwaka mmoja baada yao."

"Mwaka huo nitakuwa nimestaafu," alisema Hudson.

"Najua."

"Basi nitastaafu nikiwa mwanafunzi," alisema Hudson.

Jumapili alisimama kanisani Ronge, akaomba nafasi ya kusema. Aliwaambia kwamba digrii imechelewa mwaka mmoja, na akawaambia sababu. Watu waliinamisha vichwa wakingoja aketi kwa aibu. Hakuketi. Aliomba ubao wa shule ya Jumapili, akawachorea mafungu kumi na moja, akawafundisha habari ya aliye katikati, mpaka mchungaji akatazama saa. "Haya nimefundishwa na mwalimu wa Kasigau," alimaliza. "Ni mwanachuo mwenzangu." Na alijivuna kuliko alivyowahi kujivuna kwa alama zake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alifika Voi na kaseti mpya, bado imo kwenye karatasi yake ya nailoni. Mable alikuwapo, maana wiki hiyo lori lilipita. Hudson aliiweka kaseti kwenye redio na kumsogezea.

"Mwalimu Mable, naomba useme tena ule upande wa pili. Wote, kama ulivyosema mara ya kwanza."

"Na salamu pia?" aliuliza Mable.

"Na salamu. Na jogoo, kama atapatikana."

Mable akacheka, akasema. Aliwasalimu wote mmoja mmoja, akaulizia watoto wa Mwanzia, akamwulizia mama watoto wa Hudson, ndipo akaingia kwenye magunia. Alitumia nusu saa. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza waliirudisha kaseti nyuma, wakaisikiliza yote tangu mwanzo, na Hudson akaandika kwenye daftari lake kama mtoto wa shule. Katikati ya kusikiliza Mable alichungulia daftari lake akasema, "Mwalimu, hapo umekosea." Mwanzia aligeuka kumtazama Hudson. Hudson akampa Mable kalamu.

Kisha akaitoa ile kaseti, akaomba kisu kidogo cha dukani, akavunja vijino vyote viwili vya juu ili asitokee mtu wa kurekodi tena juu ya maneno yale. Aliipanga kwenye sanduku la chuo, baada ya ile ya kumi na mbili.

"Selotepu bado ipo," alisema Mwanzia kwa utani. "Mtu akitaka anaziba."

"Ilikuwapo," alijibu Mzee Mwinyihaji kutoka dukani. "Nimeitupa."